Kichuguu cha Fuko si Kichuguu cha Mchwa: Nahau za Kiingereza za Mambo Yaliyopita Kiasi

Kiingereza kina nahau nyingi za kusema kwamba jambo limepita kipimo chake. Anayejifunza lugha hiyo huzipata mapema. Kinachomsumbua ni kwamba huzibadilishana kana kwamba zote ni visawe. "Blow out of proportion", "storm in a teacup", "a sledgehammer to crack a nut", "overkill": ukizifasiri kwa haraka, zote zitatoka "kukuza mambo", na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kila nahau kati ya hizi ni mizani yenye sahani mbili. Kabla hujaitumia, jiulize unapima nini na nini. Ni maneno yanayosemwa na tukio lenyewe? Ni chombo na kazi? Ni adhabu na kosa? Ni mchango na hitaji? Ukijibu swali hilo, nahau inayofaa hujitokeza yenyewe, na mara nyingi utagundua kwamba ile uliyotaka kuitumia haifai.

Tuanze na "blow something out of proportion", kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi kisarufi. Inapima namna jambo linavyosimuliwa au kupokewa dhidi ya uzito wake halisi. Tukio lipo, halikanushwi, ila limepulizwa likavimba. Kitenzi chake hubadilika hivi: "blow", "blew", "blown". Hakuna "blowed" hapa. Kinachokuzwa hukaa katikati: "The papers blew the story out of proportion." Ukitumia kiwakilishi, hakina pengine pa kukaa isipokuwa hapo katikati: "They blew it out of proportion." Kusema "they blew out of proportion it" ni kosa la wazi. Hata hivyo, katika mazungumzo na magazeti utaikuta zaidi katika kauli ya kutendwa: "The whole thing has been blown out of proportion." Ukitaka kuongeza uzito, unatia "all" katikati, "out of all proportion", au "completely" kabla ya "out". "Proportion" hapa haichukui "the" wala haiwi wingi, kwa hiyo "out of the proportion" na "out of proportions" zote ni makosa.

Kuna mwenzake anayefanana naye lakini hana kitenzi cha kupuliza: "out of proportion to". Huyu ndiye wa kutumia unapotaka kutaja sahani zote mbili za mizani katika sentensi moja: "The fine was out of all proportion to the offence." Kihusishi salama ni "to". Utakutana na "with" pia, hasa pale mtu anapozungumzia maumbo, kama kichwa kikubwa kuliko mwili katika mchoro, lakini unapopima adhabu na kosa, gharama na faida, au hasira na chanzo chake, andika "to" na hutakosea. Kinyume chake ni "keep things in proportion" au "keep a sense of proportion". Misemo hii miwili ya mwisho ina adabu zaidi, kwa sababu inamwalika msikilizaji apime upya bila kumshtaki kwamba amekwisha kukosea.

Sasa mlima. "Make a mountain out of a molehill" ni ya kale sana. Nicholas Udall aliiandika mwaka 1548, katika tafsiri ya Kiingereza ya maandishi ya Erasmus, mwanazuoni wa Kiholanzi, akaiweka ubavuni mwa picha nyingine iliyokuwa ya kale zaidi: kumfanya nzi kuwa tembo. Picha hiyo ya nzi ilikuwa tayari methali kwa Wagiriki. Lucian, mwandishi wa karne ya 2, aliitaja kama msemo wa watu alipokuwa akihitimisha maandishi yake ya kumsifu nzi. Wajerumani na Warusi wamebaki na tembo mpaka leo. Waingereza ndio waliohamia mlimani, na huenda mvuto wa herufi m mara mbili, "mountain" na "molehill", ulisaidia sana.

Hapa lazima nisimame, maana tafsiri yetu ya kawaida ina kasoro. Tumezoea kusema "kukifanya kichuguu kuwa mlima". Lakini kichuguu tunachokifikiria sisi ni cha mchwa, na kichuguu cha mchwa kinaweza kumpita mtu kwa urefu. Ni kigumu, hudumu miaka, na ukikigonga kwa jembe utajua. "Molehill" ni kifusi cha udongo laini ambacho fuko hukisukuma juu anapochimba njia zake ardhini. Hakifiki hata magotini, na mguu mmoja unatosha kukisawazisha. Nahau ya Kiingereza inategemea udogo na ulaini huo. Ndiyo maana Mwingereza anapokwambia "you're making a mountain out of a molehill" anakuambia jambo lenye dharau zaidi kuliko tafsiri yake ya Kiswahili. Kwenye Kiswahili kichuguu bado ni kitu. Kwenye Kiingereza "molehill" si kitu.

Kisarufi, tazama vijineno vya "a". Vipo viwili, na anayeviacha huonekana mara moja: "make mountain out of molehill" ni Kiingereza kilichovunjika. Katika wingi, pande zote mbili huenda pamoja: "making mountains out of molehills". Mtenda wa nahau hii ni mtu daima. Huwezi kusema "the problem made a mountain out of a molehill". Na kwa kuwa mtenda ni mtu, nahau hii ni shutuma. Njia yake bora kabisa ya matumizi ni kujishutumu mwenyewe kabla hujashutumiwa: "I may be making a mountain out of a molehill, but the totals in the second table don't add up." Sentensi kama hiyo hufungua mlango. Inamwambia mwenzako kwamba unajua jambo linaweza kuwa dogo, na kwamba hata hivyo umeona ni wajibu wako kulisema. Katika barua pepe za kazini ni chombo cha thamani.

"A storm in a teacup" wengi huitumia mahali pa mlima na fuko, na hapo ndipo tofauti ya sahani inapoonekana vizuri. Dhoruba ni kelele. Inahitaji watu zaidi ya mmoja, mabishano, mafuriko ya ujumbe, pengine vichwa vya habari. Mtu aliyekaa peke yake usiku akihangaika kwa sababu rafiki hakujibu simu hana dhoruba ndani ya kikombe. Huyo anakifanya kifusi cha fuko kuwa mlima. Lakini watu 10 wakibishana siku tatu kuhusu rangi ya jalada la ripoti, hiyo ni dhoruba, na kikombe ni jalada. Angalia tena kwamba nahau hii ni nomino wala si kitendo, kwa hiyo hutanguliwa na "be" au "turn out to be": "It turned out to be a storm in a teacup." Mara nyingi husemwa upepo ukishatulia, au na mtu aliye nje ya mabishano.

Wamarekani husema "a tempest in a teapot", dhoruba ndani ya birika. Usichanganye nusu ya huku na nusu ya kule: "a tempest in a teacup" itaeleweka, lakini msomaji ataona mshono. Picha yenyewe ni ya zamani kuliko chai yao. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, katika kitabu chake kuhusu sheria, alimwelezea mtu mmoja aliyekuwa akichafua mawimbi ndani ya kata, ile ya kutekea, na akaongeza kwamba ndivyo watu wasemavyo. Maana yake hata zama zake ulikuwa msemo uliozoeleka.

Sisi tuna methali inayoingia humo humo lakini kwa upande wa pili: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Naiona kuwa kipimo kizuri cha lini usiseme "storm in a teacup". Anayeisema yuko nje ya kikombe, akikitazama kwa juu. Aliye ndani anazama. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara wa siku mbili kwa makosa ya hesabu, ukimwambia kwamba malalamiko yake ni "a storm in a teacup", humwambii chochote kuhusu ukubwa wa jambo. Unamwambia tu kwamba wewe si yeye.

Nahau ninayoipenda kuliko zote kwa usahihi wake ni "use a sledgehammer to crack a nut": kutumia nyundo kubwa ya kuvunjia mawe kubanja njugu. Hapa sahani zimebadilika kabisa. Hatupimi tena kelele na tukio, tunapima chombo na kazi. Na, jambo ambalo watu wengi hawalioni, nahau hii inakubali kwamba njugu ipo na inastahili kubanjwa. Ukisema kwamba jambo fulani ni dhoruba ndani ya kikombe, umelifuta. Ukisema kwamba mpango fulani ni nyundo ya kubanjia njugu, umekubali lengo na umekataa njia tu. Kwenye kikao tofauti hiyo ni kubwa. Aliyeleta mpango hajavunjiwa heshima, na mazungumzo yanaweza kuhamia kwenye chombo kidogo kinachotosha: "I agree we need to stop the leaks, but banning all phones is using a sledgehammer to crack a nut."

Mahakama za Uingereza zinaijua picha hii. Katika kesi ya R v Goldsmith ya mwaka 1983, jaji Lord Diplock aliifafanua kanuni ya uwiano kwa kusema kwamba usitumie nyundo ya mvuke kubanja njugu ikiwa koleo la kubanjia njugu lingetosha. Tazama alivyokamilisha picha. Hakusema tu kwamba nyundo ni kubwa, alitaja na kifaa ambacho kingefaa. Ukiiga mtindo huo katika maandishi yako, yaani ukataja nyundo kisha ukataja koleo, hoja yako itasimama. Ukiishia kwenye nyundo, umelalamika tu.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: kitenzi ni "crack". "Break a nut" haimo katika nahau hii, na "kill a nut" ninayoikuta mara moja moja inatokana na kuchanganya na misemo ya kuua nzi au mbu. Ya pili ni mtego wenyewe: "take a sledgehammer to crack a nut" na "take a sledgehammer to the plan" hazina uhusiano. Katika ya kwanza "to" inatangulia kitenzi, na maana ni kutumia nguvu kupita kiasi. Katika ya pili "to" inatangulia nomino, na maana ni kuubomoa mpango wenyewe. Ukikatisha nahau katikati kwa haraka, umegeuza maana.

Adhabu ina picha yake ya pekee, nzuri na ya kutisha: "break a butterfly on a wheel". Gurudumu hapa ni lile la mateso ya kale Ulaya, ambako mhukumiwa alifungwa na kuvunjwa mifupa. Mshairi Alexander Pope aliuliza katika shairi lake la mwaka 1735 ni nani avunjaye kipepeo juu ya gurudumu. Tarehe 1 Julai 1967 gazeti la The Times la London liliazima maneno hayo kwa kichwa cha tahariri iliyoandikwa na mhariri wake, William Rees-Mogg, baada ya mwanamuziki Mick Jagger kuhukumiwa kifungo cha miezi 3 kwa vidonge vinne. Rufaa ilikiondoa kifungo hicho. Itumie pale tu anayeadhibiwa ni dhaifu, kosa ni dogo na mwenye kuadhibu ana nguvu kubwa. Kampuni tajiri iliyotozwa faini si kipepeo. Ni nahau ya maandishi zaidi kuliko ya mdomo, na ukiitumia mara mbili katika makala moja imechuja.

"Overkill" ni neno la zama za Vita Baridi, lilipokuja kuzungumziwa wingi wa silaha za nyuklia uliotosha kumwangamiza adui mara nyingi zaidi ya mara moja. Leo husemwa kuhusu chochote kilichozidi haja: kompyuta ya gharama kubwa kwa kuandikia barua tu, kurasa 40 za maelezo kwa fomu ya ukurasa mmoja. Kosa linalojirudia sana ni "an overkill". Neno hili halihesabiki. Sema "it's overkill" au "a bit of overkill". Ndilo fupi kuliko yote na halimuumizi mtu sana, kwa kuwa linalaumu kitu badala ya mtu.

"Over the top" inaelekea kwingine: mtindo, hisia, mapambo, uigizaji. Askari wa vita vya 1914 hadi 1918 waliutumia msemo huo kwa kutoka handakini kwenda kushambulia, na maana ya kupita kiasi ilienea baadaye. Mbele ya nomino huunganishwa kwa vistari, "an over-the-top reaction", na baada ya "be" huachwa wazi, "her reaction was a bit over the top". Ufupisho wake ni OTT. Lakini katika mawasiliano ya simu na video, OTT ina maana ya kiufundi, huduma zinazopitia intaneti, kwa hiyo katika ripoti ya sekta hiyo andika msemo mzima au tafuta neno jingine. "Go overboard" ina maana jirani lakini mtenda wake ni mtu aliyezidisha kwa shauku: "We went overboard with the decorations." Kihusishi ni "with" au "on".

Nyingine za ukoo huu nitazipitia mbio. "Make a song and dance about" ni ya Waingereza, na "make a federal case out of" ni ya Wamarekani, kwa kuwa huko kesi ya shirikisho ni kubwa kuliko ya jimbo. Zote mbili ni za mazungumzo, usiziweke kwenye barua rasmi. "The tail wagging the dog", mkia unaomtikisa mbwa, haipimi ukubwa tu bali mamlaka: sehemu ndogo imeitawala nzima, kama vile ratiba ya chumba cha mikutano inapoamua sera ya ofisi.

Mizani inaweza kulemea upande mwingine pia, pale kinachotolewa ni kidogo mno. "A drop in the ocean" ni tone baharini, na hapa tafsiri yetu inakaa sawasawa. Wamarekani hupenda zaidi "a drop in the bucket", picha inayofanana na ya Isaya 40:15, ambako mataifa ni kama tone la maji katika ndoo. Sahani zake ni mchango na hitaji. Ubaya wake ni kwamba mtoaji akiisikia huvunjika moyo, hasa aliyelelewa na haba na haba hujaza kibaba. Ukimshukuru mtu kwa msaada, usiilete kabisa.

Upande wa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kuna shimo moja ambalo lazima nilitaje: chumvi. Sisi tukitia chumvi tunakuza habari. Kiingereza hakina chumvi ya namna hiyo. "Add salt" haitaeleweka hivyo, "rub salt into the wound" ni kumwongezea mtu maumivu, na "take it with a pinch of salt" ni kuipokea habari kwa shaka. Hii ya mwisho ndiyo inayochanganya zaidi, maana inahusu msikilizaji wakati yetu inahusu msimuliaji. Kwa kutia chumvi tumia "exaggerate", na katika mazungumzo "lay it on thick".

Kuna jambo la adabu kuhusu kauli ya kutendwa. "It has been blown out of proportion" haimtaji aliyepuliza. Ikitoka kinywani mwa mtu wa pembeni ni maelezo tu. Ikitoka kwa mtu anayelaumiwa, inasikika kama kukwepa: kosa halikanushwi wala halikubaliwi, linapunguzwa tu. Ukiwa wewe ndiye uliyekosea na kweli jambo limekuzwa, kiri kwanza kwa sentensi kamili, taja ukubwa halisi kwa tarakimu, kisha uache kabisa nahau: "I sent the file to the wrong list. Six people received it, and all six have deleted it." Tarakimu 6 inafanya kazi ambayo "blown out of proportion" ingeiharibu.

Mwisho, usizirundike. Chukua sentensi hii, ya aina inayoonekana mara nyingi katika insha za wanafunzi: "The committee is using a sledgehammer to blow a storm in a teacup out of proportion." Nahau tatu, picha tatu, na msomaji hajui kamati imekosea nini. Uliza sahani ni zipi. Kama kamati imetunga kanuni kali kwa tatizo dogo la kweli: "The new rules are a sledgehammer to crack a nut." Kama kamati imelitangaza kosa dogo kana kwamba ni janga: "The committee has blown a minor error out of proportion." Na kama wajumbe wamegombana wiki nzima kwa jambo lisilo na athari kwa yeyote: "The row in the committee was a storm in a teacup."